Mpeni mwandishi meza gulioni

Siku ya gulio katika wilaya za Kasulu na Kibondo haihitaji tangazo la redio. Kabla ukungu haujainuka vilimani, bodaboda zinashusha magunia ya maharage, akina mama wanafika na mikungu ya ndizi na vikapu vya tangawizi, madumu ya mawese yanapangwa mstari, na migebuka iliyopanda gari usiku kutoka Kigoma inanukia hata kabla haijafunguliwa. Wauza mitumba wanatandika maturubai. Vitenge vilivyovuka mpaka wa Burundi au ziwa kutoka Kongo vinaning'inizwa kwenye kamba. Ikifika saa nne, kipaza sauti cha muuza dawa ya panya kinashindana na cha kwaya inayouza nyimbo zake kwenye fleshi, na mtu aliyekuja kununua chumvi tu anajikuta amezunguka saa mbili.

Na vitabu vipo. Wanaopenda kusema kwamba Mtanzania hasomi, na kwamba ukitaka kumficha jambo umwandikie kitabuni, wangefaa kuinama kidogo waangalie kilichopangwa kwenye nailoni chini ya miavuli. Kuna Biblia na vitabu vya nyimbo. Kuna Juzuu Amma. Kuna vijitabu vya maswali na majibu ya darasa la saba, madaftari, kalenda, na hapa na pale kitabu cha tiba za mitishamba. Watu wanainama, wanafunua, wanauliza bei, wanaomba wapunguziwe, na wengine wananunua.

Kinachoonekana kwa nadra ni riwaya, diwani au kitabu cha historia ya mahali penyewe, na nyuma yake ameketi aliyekiandika. Mwandishi wa aina hiyo ana sehemu zake za kawaida: ukumbi wa hoteli Dar es Salaam siku ya uzinduzi, banda la mchapishaji kwenye viwanja vya Sabasaba, au ukurasa wake wa mtandaoni anaposubiri mtu atume pesa kwa simu naye aende stendi kutafuta basi la kubeba kifurushi. Gulioni hayupo. Hilo ni kosa la kibiashara kabla halijawa kosa la kiutamaduni, na halmashauri za Kasulu na Kibondo zinaweza kulirekebisha kwa gharama ndogo kuliko ya chai ya kikao kimoja.

Kwanza iondolewe aibu. Mjini, mwandishi anayebeba vitabu vyake mwenyewe kwenye begi huonekana kama mtu aliyekataliwa na wachapishaji. Historia ya fasihi ya Kiswahili haikubaliani na dharau hiyo. Shaaban Robert, ambaye shule zote zimefundisha jina lake, alikuwa na kampuni yake ndogo ya uchapishaji huko Tanga, Art and Literature, iliyotoa baadhi ya vitabu vyake miaka ya mwisho wa ukoloni. Mtu aliyekuwa amekwisha kuchapishwa hadi Afrika Kusini aliamua kuwa mchapishaji wa kazi zake mwenyewe. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, zilizokusanywa na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, zinamwonyesha mtu mwenye kushughulishwa na maisha, kazi na hatima ya miswada yake kama mfanyabiashara yeyote anayehofia mzigo wake.

Kizazi kilichofuata kilikwenda mbali zaidi. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akafuata na Kufa na Kupona mwaka 1974, zote kupitia East African Literature Bureau. Wasomaji walizipokea kwa pupa. Miaka ya mwisho ya sabini na ile ya themanini, uchumi ulipobana na mashirika ya umma ya vitabu yakaishiwa karatasi na fedha, vijana waliokuwa na hadithi hawakungoja. Walianzisha kampuni ambazo ofisi zake zilikuwa mkoba. Kajubi Mukajanga, Hammie Rajab, Eddie Ganzel na wenzao waliandika vitabu vyembamba vya mapenzi, upelelezi na mitaa, vyenye majalada ya kushtua, na vitabu hivyo vikatembea kwenye vibanda vya magazeti, kando ya barabara na stendi za mabasi. Wahakiki wa vyuo vikuu waliviita fasihi pendwa, wengine kwa kubetua midomo. Wasomaji walivipokezana mpaka vikaisha majalada.

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo mwana wa mkoa wa Kigoma, Ben Mtobwa. Shujaa wake, Joram Kiango, alijulikana na watu ambao hawakuwahi kuingia duka la vitabu. Mtobwa alianzisha Heko Publishers, akachapisha kazi zake, na riwaya yake Dar es Salaam Usiku ikavuka mpaka na kutolewa tena Nairobi. Alifariki mwaka 2008. Ajabu ni kwamba leo kijana wa Kasulu anayetaka kusoma kitabu cha Mtobwa hana budi kumwagiza mtu anayekwenda Dar es Salaam, ilhali mwenyewe alikuwa wa mkoa huu huu, na vitabu vyake viliandikwa kwa saizi na kasi ya msomaji wa stendi.

Wengine hawakuacha kamwe kuuza kwa mkono, nao ni watu wa dini. Katika nyanda hizi za juu, ambako Wasabato walijenga hospitali ya Heri tangu enzi za Mwingereza, wainjilisti wa vitabu wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba na mabegi yao ya vitabu vya afya, familia na imani vinavyochapwa Morogoro. Hawamlaumu mteja kwa kutosoma. Wanabisha hodi, wanakaribishwa, wanafungua kitabu kwenye picha, wanaeleza, wanapokea nusu ya fedha leo na nusu mwezi ujao baada ya mavuno. Wakatoliki nao walikuwa na Tabora: kiwanda cha TMP kilichopeleka vitabu vya sala, masomo na hata historia hadi parokia za ndani kabisa, na huko huko gazeti la Kiongozi lilianza mwaka 1950. Ukichunguza nyumba ya mzee wa Kibondo aliyesoma misheni, kitabu kilichochakaa kuliko vyote kwenye kabati lake kina uwezekano mkubwa wa kuwa kimepitia njia hiyo: mkono wa mtu hadi mkono wa mtu.

Nje ya Afrika Mashariki mfano mkubwa ni Onitsha, mji wa soko kando ya Mto Niger, mashariki mwa Nigeria. Kuanzia mwisho wa miaka ya arobaini, wachapaji wadogo waliokuwa ndani na pembeni ya soko hilo walitoa mamia ya vijitabu: michezo ya kuigiza, hadithi za mapenzi, miongozo ya kuandika barua kwa mchumba, maonyo juu ya pombe na wanawake wa mjini. Veronica My Daughter ya Ogali A. Ogali, iliyotoka mwaka 1956, iliuzwa kwa makumi ya maelfu ya nakala. Waandishi walikuwa walimu, makarani, wanafunzi na wafanyabiashara. Cyprian Ekwensi alipitia hapo kabla hajawa jina kubwa la riwaya za Kiafrika. Vita vya Biafra viliteketeza soko na biashara hiyo, lakini kwa miaka isiyopungua ishirini Onitsha ilithibitisha kwamba soko la vyakula na nguo linaweza pia kulea waandishi.

Basi kwa nini isiwe Kasulu?

Hesabu ndiyo inayopaswa kutangulia hisia. Mwandishi akichapa nakala 500 za riwaya ya kurasa 150 kwa, mathalani, shilingi 5,000 kila moja, ametoa milioni mbili na nusu mfukoni au kwenye kikoba. Akipanga kuuza kwa shilingi 10,000 na kuzipeleka duka la vitabu linalochukua asilimia 35, anabakiwa na 6,500, na faida yake ni 1,500 kwa nakala. Hiyo ni kwenye karatasi. Duka huchukua vitabu kwa mali kauli: vikiuzwa utalipwa, visipouzwa uje uvichukue, na nauli ya kuja kuulizia ni yako. Aliyechapishwa na kampuni hali yake si bora sana, kwa sababu mrabaha wa asilimia 10 ni shilingi 1,000, nazo humfikia mara moja kwa mwaka ikiwa zitamfikia. Mwandishi huyo huyo akiketi gulioni na kushusha bei hadi 7,000, anapata 2,000 kwa kila nakala, zaidi ya anachopata dukani, na msomaji ameokoa 3,000. Pesa inaingia kwenye simu yake palepale. Kutoka humo atatoa nauli, chakula na ushuru. Akiuza nakala kumi, siku imelipa. Akiuza mbili, amepata hasara ndogo, lakini ameongea na watu hamsini kuhusu kitabu chake, jambo ambalo duka la Mtaa wa Samora halitamfanyia kwa mwaka mzima.

Nakala mbili ndiyo matokeo ya siku nyingi, na hilo lisemwe bila kificho. Gulio halina miujiza. Mnunuzi ana gunia la kubeba, mtoto mgongoni na mvua inanyemelea. Mtu mwenye shilingi 10,000 atanunua sabuni, mafuta ya taa na dagaa kwanza. Lakini mtu huyo huyo hununua jezi ya Simba au Yanga, kifurushi cha intaneti, spika ndogo ya kuning'iniza kwenye bodaboda. Pesa ya burudani ipo, ila ni ndogo na inatoka haraka haraka, na kitabu cha shilingi 15,000 chenye kurasa 300 kinajiweka nje ya mkono wake. Hapo ndipo waandishi nao wanapaswa kulaumiwa.

Kuna wimbi la vitabu linalotoka Dar es Salaam sasa hivi ambalo halistahili kupelekwa Kibondo hata bure. Vitabu vya hamasa vinavyorudia kwamba ukiamka alfajiri utakuwa tajiri, vinavyouzwa kwa watu ambao wameamka alfajiri kulima tangu wana miaka saba. Riwaya zilizochapwa kama zilivyotoka kwenye simu, bila mhariri, ambamo mhusika anaitwa Neema ukurasa wa 12 na Rehema ukurasa wa 40. Majalada yaliyotengenezwa kwa picha ya kuokota mtandaoni, mwanamke wa Kizungu akitazama bahari, kwa hadithi inayotokea Singida. Mteja wa gulio anafahamu bidhaa mbovu. Anabonyeza parachichi kabla hajanunua, na kitabu atakifungua katikati, si mwanzo, asome aya moja. Aya hiyo ikiwa mbovu atakirudisha kwa adabu na kusema atapita baadaye.

Vitabu vya Mtobwa na wenzake vilikuwa vyembamba kwa sababu karatasi ilikuwa adimu, lakini wembamba huo ulikuwa na akili. Msomaji aliweza kumaliza kimoja safarini. Eric Shigongo, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Buchosa, alijenga wasomaji wake kwa hadithi za kuendelea kwenye magazeti ya Global Publishers, vipande vifupi vilivyosafiri na mabasi hadi mikoani kila wiki, na hadithi zikageuzwa vitabu baada ya watu kuzipenda. Mwandishi wa leo anayetaka gulio angefikiria kijitabu cha kurasa 48 kwa shilingi 2,000, sehemu ya kwanza mwezi huu, ya pili mwezi ujao, na aape kurudi. Magulio yana hesabu ya siku inayojulikana. Mteja aliyeachwa mahali penye mvutano wa hadithi atajua siku ya kumtafuta muuzaji.

Kingine ni habari yenyewe. Watu wa Buha, nchi ya Waha, wana mambo ambayo hakuna aliyewaandikia vya kutosha. Kitabu cha P. Chubwa, Waha: Historia na Maendeleo, kilichapwa na TMP Tabora zamani, na hadi leo ndicho kinachotajwa kila mara mtu anapouliza historia ya tawala za zamani za Heru, Muhambwe au Buyungu. Ni ushahidi kwamba kitabu cha mahali hakizeeki haraka. Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyetawala Kasulu enzi za Mwingereza, alipaswa kuwa na kitabu cha watoto chenye picha, kinachouzwa umbali wa kutupa jiwe kutoka Heru Juu. Manamba nao wanangoja riwaya. Baada ya wenye mashamba ya mkonge kuunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri vibarua, mwaka 1944, maelfu ya vijana wa Kiha walipandishwa treni Kigoma kwenda Tanga na Morogoro, wengine wakarudi na baiskeli na blanketi, wengine hawakurudi kabisa. Operesheni ya vijiji ilipofika Kigoma mwaka 1972 iliwahamisha watu kutoka migombani kwao na kuwapanga kando ya barabara. Hakuna familia isiyokuwa na mzee mwenye kisa kuhusu mojawapo ya hayo. Kijana wa Kibondo aliyesoma hadi kidato cha sita angeweza kukusanya visa kumi vya manamba kwa likizo moja, akavichapa Kigoma mjini na kuviuza kwa watoto na wajukuu wa wahusika.

Wasomaji wenyewe wameongezeka. Kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoanza kwa nguvu mwaka 1970 ilifikisha idadi ya wanaojua kusoma na kuandika Tanzania zaidi ya asilimia 90 kwa hesabu rasmi za mwaka 1986. Tangu wakati huo shule za sekondari za kata zimefika kila upande. Kasulu ina chuo cha ualimu, na wanachuo wake ni watu wanaofundishwa kupenda vitabu bila kuwa na mahali pa kuvinunua. Mkoa mzima wa Kigoma, kwa Sensa ya 2022, una watu wapatao milioni 2.47. Hao ni wengi kuliko waliohesabiwa Botswana mwaka huo huo.

Halafu kuna kambi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na Warundi wakaongezwa mwaka 2015. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka huo huo wa 2015. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ule wa kwanza sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Kiswahili cha Wakongo kina ladha yake, lakini ni Kiswahili, na miongoni mwa watu hao kuna washairi, watunzi wa nyimbo na walimu wenye madaftari yaliyojaa. Masoko ya pamoja, ambamo wakimbizi na wanavijiji waliuziana mazao na bidhaa, yalifungwa na Serikali mwishoni mwa muongo uliopita. Sababu za usalama zina watetezi wake na hazitajadiliwa hapa. Itoshe kusema kwamba meza ya vitabu ilipoteza wateja pamoja na meza ya mihogo.

Kwa nini wachapishaji wenyewe hawaleti vitabu? Jibu liko kwenye sera ya vitabu vya shule. Kwa miaka mingi kampuni za uchapishaji ziliishi kwa vitabu vya kiada, na mawakala wao walizunguka mikoani kushawishi shule. Kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, ilivunjwa mwaka 2013, na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Huenda uamuzi huo ulikuwa na sababu za ubora. Matokeo yake kwa wilaya za mbali ni kwamba mchapishaji binafsi hana tena sababu ya kutuma gari Kibondo, na riwaya iliyokuwa ikipewa lifti kwenye gari hilo imebaki Dar es Salaam. Zamani Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa Kanada, ulinunua nakala 3,000 kati ya 5,000 za kila kitabu ulichokikubali na kuzigawa kwenye shule za vijijini. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini ulimzoesha kila mmoja kuamini kwamba kitabu huja kijijini kama msaada, kwa lori lenye nembo, na kwamba mwanakijiji si mteja.

Kisingizio cha barabara nacho kinakaribia kuisha. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka mabasi ya Kibondo yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi, na wakati wa masika yakilala njiani kwenye tope jekundu. Sasa barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye zaidi ya kilomita 260, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Katoni mbili za vitabu zinaweza kutoka Kasulu alfajiri na kufika gulio la Kibondo watu wakiwa bado wanapanga bei. Vumbi lenyewe lina dawa: kila nakala ivishwe nailoni, na nakala moja iachwe wazi kwa ajili ya vidole vya wapitaji.

Kinachobaki ni ushuru na kibali. Mwandishi anayetandika vitabu gulioni, mbele ya mkusanya ushuru, ni mmachinga kama wengine. Desemba 2018 Serikali ilipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, muuza karanga na muuza vitabu waliwekwa kapu moja. Si vibaya. Mwandishi hana damu ya pekee. Lakini halmashauri hizo hizo husamehe ada pale zinapotaka jambo lifanyike: vikundi vya vijana na wanawake hupewa mikopo isiyo na riba, mabanda ya maonyesho hutolewa bure kwa taasisi, jukwaa la Mwenge hujengwa bila mtu kuuliza nani atalipa. Meza ya futi nne haizidi ukubwa wa hayo.

Wizara ya Elimu imeonyesha kwamba nia inaweza kupatikana. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, mshindi wa kwanza wa kila kundi akapata shilingi milioni 10 na ahadi ya kuchapishiwa kitabu. Ni hatua ya kupongezwa bila masharti. Tuzo, hata hivyo, huwainua waandishi wachache kila mwaka, tena Dar es Salaam, na walioshindwa hurudi nyumbani na miswada yao. Wapo miongoni mwao wanaoandika vizuri, wanaokaa Kakonko, Makere au Mabamba, na wanachohitaji ni mahali pa kusimama na kitabu mkononi.

Maonyesho ya Nanenane hayawasaidii sana, kwa kuwa ya kanda ya magharibi hufanyika Ipuli, Tabora, na safari ya kutoka Kibondo hadi huko na kurudi inakula faida ya nakala nyingi. Tarehe inayofaa iko mwezi mmoja kabla. Novemba 2021 UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu 2022 huadhimishwa kwa makongamano, hotuba na fulana. Huku Buha mwanzo wa Julai ni kiangazi: mvua zimekatika, maharage na mahindi yamevunwa, harusi zimepangwa, na pesa ya mwaka ndiyo kwanza inazunguka. Hakuna wiki nzuri zaidi ya kumuuzia mtu kitabu katika wilaya hizi.

Kwa hiyo ombi linaelekezwa kwa wakurugenzi watatu: wa Mji wa Kasulu, wa Wilaya ya Kasulu na wa Wilaya ya Kibondo. Gulio linaloangukia wiki ya Julai 7 litengewe safu moja ya meza, karibu na njia kuu na si nyuma ya choo, kwa mwandishi yeyote mwenye kitabu chake, awe ametoka Dar es Salaam, Bujumbura, kambini au kijiji cha jirani. Asitozwe ushuru siku hiyo. Maofisa utamaduni watangaze kwenye shule na vyuo miezi mitatu kabla, ili mwenye mswada apate muda wa kuchapa hata nakala hamsini, na walimu wapewe nafasi ya kuleta wanafunzi walioandika hadithi zao kwa mkono. Mwaka wa kwanza meza zitakuwa tano, pengine tatu. Barua ya agizo hilo haizidi nusu ukurasa, na haihitaji kusubiri bajeti mpya.

Na mteja wa Kasulu au Kibondo atakayemkuta mwandishi nyuma ya meza hiyo asimwonee haya wala huruma. Afungue kitabu katikati, asome aya moja, aulize bei ya mwisho ni ngapi, na ikimpendeza alipe.